Mafuta yanayoganda: Viwanda vyabadilika, karai la Gusii lajikokota

KATIKA soko la Daraja Mbili mjini Kisii, sawa na kule Keroka na Kebirigo, mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro. Chombo hicho asili yake ni mkebe wa kilo mbili uliotoka kiwandani ukiwa umejaa mafuta ya kupikia yaliyoganda. Mafuta yaliisha, mkebe ukabaki kuwa kipimo cha nafaka kote nchini, na sijui ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huo wa jinsi mafuta mgando yalivyozoeleka katika majiko ya Wakenya.

Mafuta yayo hayo sasa yamo mashakani. Mnamo Julai 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo uliosisitiza kwamba mtu mzima asipate zaidi ya asilimia 10 ya nguvu za chakula chake kutokana na mafuta ya aina hiyo. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, kiasi hicho ni gramu 22 hivi. Vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya mawese vyakaribia kukifikisha, kabla hajanywa chai ya maziwa wala kuonja nyama.

Kwa kaunti za Kisii na Nyamira, zilizokuwa na wakazi 1,266,860 na 605,576 mtawalia katika sensa ya 2019, suala hili si la matajiri pekee. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini alikuwa na shinikizo la damu, na kwamba asilimia 27 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Maradhi ya moyo na kiharusi hayabagui mchuma majanichai na karani wa ofisi.

Basi ni mafuta gani haya? Mafuta yote ya chakula ni mchanganyiko wa asidi za namna mbalimbali. Zipo asidi ambazo minyororo yake ya kaboni imejaa haidrojeni hata hapana nafasi iliyosalia. Hizo wanakemia huziita asidi zilizokifu. Minyororo yake imenyooka, hivyo hupangana kwa urahisi kama kuni katika mzigo, na ndiyo sababu mafuta yenye wingi wa asidi hizo huganda. Nyingine zina mikunjo, hazipangiki, na mafuta yake hubaki kuwa maji. Mwilini, asidi zilizokifu hulifanya ini lizembee katika kuondoa kolesteroli mbaya kwenye damu. Kolesteroli hiyo hujikusanya katika kuta za mishipa mwaka baada ya mwaka bila mtu kuhisi lolote, hadi siku mshipa unapoziba.

Viwango hutofautiana mno. Katika kila gramu 100 za mafuta ya nazi, zaidi ya gramu 80 ni asidi zilizokifu. Samli ina 60 na ushei, mawese karibu 50. Soya ina takriban 15, mahindi 13, parachichi 12 na alizeti 11. Mwenye kuitazama orodha hiyo ataona mara moja mahali penye tatizo la Kenya, kwa kuwa mafuta mengi yanayouzwa nchini ni mawese yanayoletwa ghafi kutoka Malaysia na Indonesia, yakashushwa Mombasa na kusafishwa katika viwanda vya Pwani, Nairobi, Thika na Nakuru.

Wakazi wa nyanda za juu hawahitaji maabara kuthibitisha hayo. Asubuhi za baridi, mafuta ya maji yaliyolala dukani Nyansiongo au Kiamokama hupata utusitusi, kisha utando mweupe hutua chini ya mtungi. Wanunuzi wengi hudhani wameuziwa mafuta yaliyochakachuliwa. Sivyo. Ule weupe ni sehemu ya mawese iliyokifu ikijitenga kwa sababu ya baridi, na mafuta yakipashwa moto kidogo hurejea hali yake.

Jambo hilo hilo ndilo viwanda hulifanya makusudi. Mawese yaliyosafishwa hupozwa polepole katika matangi makubwa hadi chembe ngumu zitokee, kisha huchujwa. Yanayopita ni mafuta ya maji yenye asidi zilizokifu karibu gramu 40 kwa 100. Yanayobaki kwenye chujio ni mafuta magumu yenye gramu 60 au zaidi. Ya kwanza hutiwa katika chupa na mitungi. Ya pili huingia katika mafuta mgando, majarini ya waokaji na sabuni. Baadhi ya viwanda huyapoza na kuyachuja mara ya pili ili yapungue zaidi. Tuseme kweli: sababu kubwa ya mchujo huo wa pili haikuwa moyo wa mlaji bali macho yake, maana mteja hukimbia chupa yenye utusitusi. Hata hivyo faida kwa afya, ingawa ni ndogo, ipo.

Kosa la zamani na dawa yake

Ili kuelewa ni kwa nini mawese yametawala, yafaa kurudi nyuma. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita, viwanda duniani viligandisha mafuta ya maji kwa kuyapitishia hewa ya haidrojeni. Majarini na mafuta ya mkebe yalitengenezwa hivyo, na yalisifiwa kuwa bora kuliko siagi. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1990, watafiti waligundua kuwa haidrojeni hiyo, ikiingizwa nusunusu, huzaa mafuta ya transi, ambayo hudhuru moyo kuliko hata yale yaliyokifu. Denmark ilikuwa nchi ya kwanza kuyawekea mpaka wa kisheria mwaka 2003. Mnamo 2018 WHO ikazitaka nchi zote ziyatokomeze kutoka kwa vyakula vya viwandani kufikia 2023.

Waliokuwa wakitafuta kitu kingine kinachoganda bila haidrojeni walikiona mkononi: mawese. Ni rahisi, hayana harufu yakishasafishwa, hustahimili moto, na huganda yenyewe. Kwa hivyo dawa ya mafuta ya transi ikawa, kwa kiasi kikubwa, kuongeza yale yaliyokifu. Ilikuwa nafuu, kwani transi ni mbaya zaidi, lakini nusu ya safari ilibaki.

Nchini Kenya biashara hiyo imo mikononi mwa kampuni chache. Bidco ya Thika ilinunua chapa za Kimbo na Cowboy kutoka kwa Unilever mwaka 2002. Kapa hutengeneza Kasuku na Rina. Pwani Oil hutengeneza Fresh Fri. Menengai ya Nakuru hutengeneza Top Fry. Rafu za duka lolote kubwa mjini Kisii huonyesha jinsi zinavyoshindania wateja: mafuta mgando upande mmoja, ya maji upande wa pili, na katikati chupa za alizeti na mahindi ambazo bei yake humfanya mtu azirudishe alikozitoa.

Chupa nyingi na mikebe mingi imeandikwa kwamba haina kolesteroli. Maneno hayo ni ya kweli, na yanapotosha. Hakuna mafuta ya mmea yaliyowahi kuwa na kolesteroli ya kutajika. Hiyo ni mali ya wanyama. Linalomhusu mwenye moyo dhaifu ni kiasi cha asidi zilizokifu, ambacho aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya chupa, ikiwa kimeandikwa. Aidha, maneno "mafuta ya mimea" yanaweza kuwa mawese matupu, au mawese yaliyochanganywa na soya, na mnunuzi asijue tofauti asiposoma orodha ya viambato.

Na mwenye kununua mafuta ya kupimiwa hasomi chochote. Katika vitongoji vingi, mashine za kupimia mafuta humtolea mteja ya shilingi 20 au 50 katika chupa aliyokuja nayo. Ni huduma yenye manufaa kwa mwenye mfuko mwepesi, lakini lebo hubaki kwenye pipa.

Kugandisha bila kukifisha

Wahandisi wa chakula wana njia kadhaa za kupunguza asidi hizi, nazo hazilingani kwa ugumu.

Kwa vitu vinavyokaangwa kiwandani ni rahisi: badilisha mafuta ya kukaangia. Kampuni ya Walkers ya Uingereza ilipohamia mwaka 2006 kwenye mafuta ya alizeti ya mbegu maalumu yenye asidi ya oleiki kwa wingi, ilitangaza kuwa mafuta yaliyokifu katika krispi zake yamepungua kwa asilimia 70. Alizeti hiyo hustahimili moto kuliko ya kawaida. Mnamo 2008 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa hiari wa kuvishawishi viwanda vipunguze mafuta hayo katika biskuti, keki, maziwa na soseji.

Kwa biskuti na keki kazi ni nzito. Unga unahitaji mafuta yenye umbo, yatakayotenganisha chembe zake ili kinachookwa kivunjike mdomoni badala ya kuwa kigumu kama mfupa. Mafuta ya maji hayawezi. Wataalamu huchukua sehemu ndogo ya mafuta magumu, wakaichanganya na mengi ya maji, kisha wakazipanga upya asidi zake ili mchanganyiko ugande kwa kiasi kidogo cha zile zilizokifu. Lakini haziwezi kuisha kabisa. Kitu kinachosimama kwenye sahani bila kumwagika lazima kiwe na kigumu ndani yake, na atangazaye biskuti nzuri isiyo na mafuta yaliyokifu hata chembe anastahili kuulizwa ameweka nini badala yake. Swali hilo ni muhimu, kwa maana viwanda vingine huondoa mafuta na kuongeza sukari au wanga, na utafiti hauonyeshi kwamba moyo hunufaika na mabadiliko ya namna hiyo. Faida huonekana mafuta yaliyokifu yanapopisha mafuta ya maji.

Soseji na smoki zinazouzwa kando ya barabara zina tatizo jingine, kwa kuwa mafuta yake ni ya mnyama na ndiyo yanayozipa ulaini. Kupunguza humaanisha kuongeza nyama, ambayo ni ghali, ama soya na wanga, ambavyo mlaji huvitambua.

Kisha kuna maziwa. Kisii na Nyamira ni nchi ya ng'ombe wa nyumbani, mmoja au wawili katika shamba dogo, na maziwa ni sehemu ya heshima ya meza: chai, amabere amaruranu kando ya obokima wa wimbi, na chinsaga iliyochemshwa ikatiwa maziwa ili uchungu upungue. Kiwanda cha New KCC kilichoko Sotik, ng'ambo tu ya mpaka wa Nyamira, na wasindikaji wengine nchini huweza kuondoa malai kwa mashine na kuuza maziwa yenye mafuta asilimia 1.5 au pungufu, badala ya 3.5 hivi. Ila malai hayatupwi. Hugeuzwa siagi na samli, na kurudi mezani kwa mlango mwingine.

Finland ilikutana na fumbo hilo. Katika mkoa wa Karelia Kaskazini, ambako wanaume wengi walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo, mpango ulioanzishwa mwaka 1972 uliwahimiza watu waache siagi na maziwa yenye malai mengi. Wafugaji walilalamika, na haki walikuwa nayo, maana walilipwa kwa wingi wa mafuta katika maziwa. Baadaye mfumo wa malipo ulibadilishwa ili protini ithaminiwe kuliko mafuta. Mkulima wa Nyamira hulipwa kwa lita, kwa hivyo hana sababu ya kupigana na maziwa mepesi. Wala mimi sioni kwamba maziwa yanayotiwa katika chinsaga ndiyo adui. Lita nyingi za maziwa katika kaunti hizi huishia katika vikombe vya watoto, na mtoto mdogo anahitaji mafuta hayo ili akue. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Hao si watu wa kupunguziwa malai.

Kwenye karai

Penye uzito hasa ni nje ya kiwanda, kwenye karai la mama wa mandazi. Wachumaji wa majanichai na wanafunzi huanza siku kwa chai na andazi au chapati. Jioni chipsi, viazi karai na samaki wa kukaanga huuzwa katika kila kituo cha magari kuanzia Suneka hadi Ikonge. Sehemu kubwa ya mafuta yanayoliwa hivyo haipiti katika kifurushi chenye lebo yoyote.

Mchuuzi hachagui mafuta mgando kwa ujinga. Andazi lililokaangwa kwa mafuta yanayoganda hukauka juu likipoa, halichuruziki kwenye karatasi, na hukaa hadi jioni bila kunuka. Chapati hulainika na kutengana tabaka. Tena mafuta hayo huvumilia kuchemshwa mara nyingi. Alizeti ya kawaida na soya, zikirudiwa motoni siku mbili tatu, hutoa povu, hunata na kunuka, na huzaa vitu visivyomfaa mlaji. Kumwambia mwanamke huyo anunue alizeti ya bei ghali kisha aitumie kama alivyotumia mawese ni kumpa hasara mbili.

Kuna yanayowezekana bila kubadili mafuta. Mafuta yakiwa na moto wa kutosha, wa nyuzi 170 hadi 180, andazi hufunga ngozi upesi na kunywa mafuta kidogo. Yakiwa vuguvugu hulowa. Chipsi nene hunywa mafuta kidogo kuliko nyembamba, kwa kuwa mafuta hukaa zaidi juu ya ngozi ya kipande kuliko ndani. Kuchuja makombo kila baada ya kukaanga huyarefushia mafuta maisha, ilhali kuongeza mapya juu ya meusi huyaharibu yote. Kuvichunguliza vyakula mafuta kwenye kichujio kwa dakika moja kabla ya kuvifunga si gharama.

Bei ndiyo hatimaye huamua. Indonesia ilipozuia mauzo ya mawese nje ya nchi kati ya Aprili 28 na Mei 23, 2022, huku vita vya Ukraine vikiwa vimekata alizeti, mafuta yalipanda bei nchini kiasi cha wachuuzi kupunguza ukubwa wa andazi. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mimea. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi Juni kutokana na malalamiko, siku chache kabla mswada mzima kutupwa. Lilikuwa pendekezo la kujaza hazina, wala halikuhusu moyo wa mtu. Denmark ilijaribu ushuru wa namna nyingine kuanzia Oktoba 2011, uliolenga vyakula vyenye zaidi ya asilimia 2.3 ya mafuta yaliyokifu, lakini ikaufuta kufikia Januari 2013 baada ya wafanyabiashara kulalamika na wanunuzi kuvuka mpaka kwenda kununua siagi Ujerumani.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Mauritius. Mnamo 1987 serikali ya kisiwa hicho, ambayo ilidhibiti mafuta ya kupikia ya bei nafuu, iliamuru yatengenezwe zaidi kwa soya badala ya mawese. Hakuna mwananchi aliyetakiwa kubadili duka wala mapishi. Watafiti walipopima damu za watu wazima mwaka 1992, wastani wa kolesteroli ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7, yaani kwa takriban asilimia 15. Sehemu ya mteremko huo ilitokana na mambo mengine katika kampeni ya afya, lakini mafuta yalichangia pakubwa.

Kenya haina mafuta ya mgao, na soko lake liko huru tangu miaka ya 1990. Hata hivyo sheria imewahi kuviamrisha viwanda vyetu. Tangu 2012 mafuta ya kupikia, unga wa ngano na unga wa mahindi wa viwandani sharti viongezwe virutubisho, na mafuta hutiwa vitamini A, chini ya usimamizi wa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Mlaji wa Manga au Nyamache hakuulizwa. Aliamka akakuta yamo. Palipo na utaratibu wa kupima vitamini, kupima asidi zilizokifu si jambo la ajabu.

Njia iliyochaguliwa kwa sasa ni ya maandishi. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilichapisha kielelezo cha virutubisho kinachoweka mipaka ya sukari, chumvi na mafuta, kiwe msingi wa alama za tahadhari mbele ya vifurushi. Chile ilizitumia alama nyeusi za namna hiyo kuanzia 2016, na huko viwanda vilipunguza sukari na chumvi zaidi kuliko mafuta yaliyokifu, kwa sababu zile zile za umbo na ulaini zilizotajwa. Alama hizo zitamfaa anunuaye biskuti na majarini. Kwa mafuta ya mashine na andazi la kando ya barabara hazitafika, isipokuwa kaunti zenyewe, ambazo ndizo zinazotoa leseni za vibanda na kukagua afya ya vyakula, ziwe na la kusema.

Wakati huohuo, mti wenye mafuta yasiyokifu umesimama karibu katika kila boma la Gusii. Kampuni ya Olivado husindika mafuta ya parachichi katika kaunti ya Murang'a kwa ajili ya masoko ya ng'ambo, na bei ya chupa yake si ya karai. Tunda lenyewe ni jambo jingine. Msimu ukifika, maparachichi ya Kisii na Nyamira hujaza malori ya Nairobi na Kisumu, na mengine huoza chini ya miti kwa kukosa mnunuzi. Watoto wengi wa huku huyapaka kwenye mkate, majarini yanapokosekana.